Riziki ya Msomi wa Siasa za Ulimwengu

Mzazi mmoja alitujia baada ya sala ya alasiri, amefuatana na mwanawe ambaye amebakiza mwaka mmoja kumaliza Chuo Kikuu huko Marekani. Akatuuliza: "Maalim, mwanangu asoma siasa za ulimwengu. Je, elimu hiyo ina riziki?"

Inayo, bali mlango wake ni mwembamba. Mjini Washington iko taasisi iitwayo Carnegie Endowment for International Peace, aliyoiasisi tajiri Andrew Carnegie mwaka 1910 kwa dola milioni 10. Kazi yake ni kuchungua mambo ya mataifa na kuandika mashauri yasomwayo na wakubwa wa serikali. Kwa miaka mingi imekuwa ikichukua vijana 12 hivi, au wakizidi ni kidogo, waliotoka chuoni karibuni na wasioanza masomo ya juu zaidi. Hukaa mwaka mmoja, kwa mshahara, wakiwasaidia wataalamu kutafuta habari na kutengeneza mikutano. Na pengine jina la kijana huandikwa pamoja na la mkubwa wake juu ya makala. Lakini haendi mtu kubisha hodi mwenyewe. Sharti chuo chake kimpendekeze, naye awe na ruhusa ya kufanya kazi nchini humo.

Lililotushughulisha zaidi ni sharti la wanaotaka kuwasaidia wachunguzi wa Mashariki ya Kati, nalo ni kusoma Kiarabu vizuri. Tukafurahi, kwani kijana huyu alikhitimu Kurani mikononi mwetu. Tukampa gazeti la Cairo. Neno la kwanza alilisoma, la pili akakwama, maana gazeti halitiwi fat-ha wala kasra. Na tulipomwuliza maana, aliinama. Hatukuweza kumlaumu. Tulimfundisha kutamka, hatukumfundisha kufahamu, na wako wengi kama yeye mitaani mwetu, ilhali habari za nchi za Waislamu zasomwa na kufasiriwa huko na watu walioanza Kiarabu ukubwani.

Likizo yake imebaki majuma matano. Hayatoshi, twajua. Kila usiku baada ya isha huja na daftari, tukaanza na fiili na mtenda wake. Babake huketi kando akimngoja, na tangu juzi naye aja na daftari lake.