UFAFANUZI WA ISTILAHI ZA VIFAA VYA GPS NA RAMANI ZA KIDIJITALI

Watumishi wa Serikali, masheha, manahodha na wananchi wenye mashamba wanazidi kutumia vifaa vya mkononi vya GPS, pamoja na simu zenye uwezo huo, katika kutaja mahali. Hatua hiyo ni njema. Hata hivyo, mara nyingi tarakimu zinazosomwa kwenye kioo cha kifaa hunakiliwa bila ya maelezo yanayozipa maana, na barua inayofika ofisini ikiwa na tarakimu tupu humwacha mpokeaji akibahatisha.

GPS ni mfumo wa setilaiti wa Marekani uliotangazwa kukamilika mwaka 1995. Setilaiti zake huizunguka dunia kwa kimo cha takriban kilomita 20,200, na kila moja hutangaza saa yake na mahali ilipo. Kifaa hupokea matangazo hayo, na kikizipata setilaiti nne au zaidi hukokotoa kilipo. Ifahamike kwamba kifaa cha kawaida cha GPS hupokea tu, hakitumi. Chombo kilichozimikiwa na mashine katika mkondo wa Pemba kinaweza kujua kilipo bila ya mtu mwengine yeyote kujua, mpaka nahodha azitaje tarakimu zake kwa redio au kwa simu. Hapo ndipo namna ya kuzitaja inapokuwa jambo la uhai.

Tarakimu hizo huitwa kuratibu. Kwa kawaida ni mbili: latitudo, yaani umbali wa mahali kaskazini au kusini ya Ikweta, na longitudo, yaani umbali wake mashariki au magharibi ya mstari wa Greenwich. Zote hupimwa kwa digrii. Digrii moja ina dakika 60, na dakika moja ina sekunde 60. Dakika moja ya latitudo ni takriban maili moja ya baharini, ambayo ni mita 1,852. Matatizo huanzia katika uandishi, kwani kifaa kimoja huweza kuonyesha digrii na sehemu zake za desimali, au digrii na dakika zenye desimali, au digrii, dakika na sekunde.

Uchukuliwe mfano wa mahali palipo eneo la Malindi, mjini Zanzibar: latitudo 6° 09.50′ Kusini, longitudo 39° 11.40′ Mashariki. Karani akiidhania nukta ile kuwa alama ya sekunde, akaandika 6° 09′ 50″ na 39° 11′ 40″, mahali pale patahama takriban mita 800 na kuangukia upande wa Darajani. Akiandika 6.0950 na 39.1140, akidhani kuwa ni digrii za desimali, atakuwa amemtuma mtu baharini, kaskazini ya kisiwa cha Bawe, kiasi cha kilomita 11 kutoka Malindi. Hakuna tarakimu hata moja iliyobadilishwa katika makosa hayo mawili. Kilichobadilika ni alama tu.

Wapima ardhi hupendelea gridi ya UTM, ambayo hutumia mita badala ya digrii. Dunia imegawiwa kanda 60, na Unguja na Pemba zimo katika Kanda ya 37 Kusini. Mahali pale pale pa Malindi husomeka takriban 521,000 Mashariki na 9,319,000 Kaskazini. Tarakimu ya pili huwashangaza wengi kwa ukubwa wake. Sababu ni kwamba katika nusu ya kusini ya dunia Ikweta hupewa thamani ya mita 10,000,000, ili pasiwepo na tarakimu hasi.

Istilahi inayosahauliwa zaidi kuliko zote ni datumu. Datumu ni umbo la dunia lililochukuliwa kuwa msingi wa vipimo, pamoja na namna umbo hilo lilivyofungamanishwa na ardhi. GPS hutumia datumu ya WGS 84. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilichorwa kwa datumu ya Arc 1960. Tarakimu za gridi zilizotolewa katika ramani ya aina hiyo zikiingizwa katika kifaa kilichowekwa WGS 84, hutokea tofauti ya takriban mita 300. Kisima au mpaka wa msitu unaweza kuonekana umehamia shamba la mtu mwengine, na watu wawili wakagombana ilhali kila mmoja amesoma sawasawa.

Kuhusu usahihi, hadi tarehe 2 Mei 2000 Marekani iliupunguza kwa makusudi usahihi wa matangazo yaliyokuwa wazi kwa raia, hata kosa likaweza kufikia mita 100. Tangu siku hiyo kifaa cha mkononi, mahali palipo wazi, hukosea kwa mita chache, na chini ya miembe au baina ya majumba ya mawe huzidi hapo. Ile “± mita 5” inayoonekana kwenye kioo ni makadirio, si dhamana. Kwa kiwanja chenye upana wa mita 15, kosa la mita tano ni theluthi ya kiwanja. Kwa hiyo simu haitoshi kuamua mgogoro wa mpaka. Kazi hiyo ni ya mpima mwenye vyombo vya kupima kwa sentimita, akianzia kwenye mawe ya mipaka.

Ramani za kidijitali nazo zina hadaa yake. Ramani ya karatasi yenye skeli ya 1:50,000, iliyonakiliwa kwa mashine kuingizwa kwenye kompyuta, haipati usahihi mpya kwa kukuzwa. Milimita moja ya karatasi ile ilikuwa mita 50 za ardhi, na itabaki hivyo. Ramani hiyo ni ya rasta, yaani picha iliyojengwa kwa vijisehemu viitwavyo pikseli. Ramani ya vekta ni ile iliyochorwa kwa nukta na mistari yenye kuratibu. Picha zilizopigwa na ndege zisizo na rubani katika mradi wa ramani wa Zanzibar ulioanza mwaka 2016 ni za rasta pia, lakini kila pikseli yake huwakilisha sentimita chache tu za ardhi. Nyumba na barabara zilizochorwa juu ya picha hizo ndizo vekta, na kila aina huwekwa katika tabaka lake.

Kimo kinachoonyeshwa na kifaa kisitegemewe sana. Kosa lake kwa kawaida huwa kubwa kuliko la mahali, na kifaa kisichofanya marekebisho ya usawa wa bahari kinaweza kumwonyesha mtu aliyesimama pwani kuwa yuko zaidi ya mita 20 chini ya bahari.

Katika barua na ripoti, inafaa kuratibu ziandikwe pamoja na alama zake zote, upande wa dunia, datumu na tarehe ya kusomwa, kwa mfano: 6° 09.50′ Kusini, 39° 11.40′ Mashariki, WGS 84. Kwa redio, maneno “digrii”, “dakika” na “nukta” yatamkwe waziwazi, na mpokeaji azirejee tarakimu zote kabla ya mazungumzo kukatwa.