Fahamu: Julian Assange na Hofu ya Kupelekwa Marekani

Kumrejesha mtuhumiwa ni nini?

Ni utaratibu ambao kwao dola moja, ikiombwa na nyingine kwa mujibu wa sheria, humtoa mtuhumiwa aliye katika himaya yake akahukumiwe huko. Na sheria hiyo Tanzania imekuwapo tangu 1965.

Kisa chenyewe

Assange, mwasisi wa WikiLeaks (tovuti ya kuchapisha nyaraka za siri), aliyepata kuishi Nairobi na ambaye mwaka 2007 alitangaza ripoti ya siri juu ya mali zilizodaiwa kufujwa zama za Rais Moi (jambo ambalo, ajabu, wengi wetu tumelisahau), aliingia ubalozi wa Ecuador mjini London Juni 2012, akihofu kwamba Sweden, iliyomtaka kwa tuhuma nyingine, ingemkabidhi kwa Marekani. Akakaa humo hata Aprili 2019, polisi walipomtoa.

Kwa nini kulikuwa na mabishano?

Kati ya mashitaka 18 ambayo Marekani ilimfungulia, 17 yaliegemea sheria yake ya ujasusi ya 1917, isiyompa mchapishaji fursa ya kujitetea kwa hoja ya maslahi ya umma. Juni 2024 alikiri kosa moja huko Saipan, kisiwa kilicho chini ya Marekani, akarejea Australia akiwa huru.