Utelezi wa kijani kwenye njia ya matofali

Masika yakikolea, njia ya matofali inayotoka mlangoni hadi getini hubadilika rangi. Hutangulia ukijani mwepesi, yakafuata madoa meusi, kisha utelezi. Mzee anayetoka alfajiri kwenda msikitini, au mama aliyebeba ndoo, akikanyaga vibaya hapo anaweza kuvunjika nyonga. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, wengi wao wakiwa na zaidi ya miaka 60.

Ukijani huo ni mwani, jamaa wa ule wa baharini. Hujitengenezea chakula kwa mwanga, hata ukiwa hafifu, hivyo maji yakiwepo unastawi hata kivulini. Madoa meusi yanaweza kuwa kuvu, ambayo hula majani yanayooza na uchafu. Vyote viwili hufunikwa na ute unaohifadhi maji, na ute huo ndio unaotuangusha. Tofali la kuchoma nalo lina vitundu vingi vinavyofyonza maji, ndiyo maana hubaki na unyevu muda mrefu baada ya mvua kukatika.

Safisha siku isiyo na mvua. Zoa majani, kisha lowesha njia ili vumbi la kuvu lisipeperuke. Lina madhara hasa kwa wenye pumu. Sugua kwa maji ya sabuni na brashi ngumu ya plastiki au fagio la chelewa. Usitumie brashi ya waya, kwani hukwangua uso mgumu wa tofali, na tofali lililokwanguliwa hunywa maji zaidi.

Madoa yakigoma, tumia dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, ile ambayo wengi huiita jiki: kikombe kimoja kwa vikombe 10 vya maji. Mwagia, subiri dakika 10, sugua, kisha suuza kwa maji mengi. Vaa glavu na viatu vya kufunika miguu, uwaondoe watoto na kuku. Mimea ya pembeni imwagie maji matupu kwanza, na usiache dawa itiririkie kisimani au kwenye bwawa la samaki. Kamwe usiichanganye na siki, ndimu, amonia au dawa ya chooni. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu inayounguza mapafu.

Lakini kusugua peke yake hakutoshi. Mvua ikinyesha tena, ngoja saa moja, kisha tembea polepole uangalie maji yalikotuama. Hapo ndipo mwani utakaporudi. Inua matofali yaliyotitia, njia iinamie upande mmoja kwa takriban sentimita 2 kila mita. Zibua mfereji, punguza matawi ili jua lifike chini. Njia inayokauka mapema haiupi mwani nafasi, na mzee ataipita alfajiri bila kupapasa ukuta.