Picha Haisemi Peke Yake: Alama na Kaida za Vyombo vya Habari

Wakati wa likizo yangu ya mwisho nyumbani, barua moja ilizunguka katika kundi la WhatsApp la jumuiya yetu. Juu ilikuwa na nembo ya jimbo, chini muhuri na saini, na katikati ombi la mchango wa haraka kwa ajili ya padre mgonjwa, pamoja na namba ya simu ya kutuma fedha. Mama mmoja mjane alituma shilingi elfu ishirini siku hiyohiyo. Jioni paroko alipoulizwa, alisema haijui barua hiyo. Tulipomwuliza mama kwa nini hakuuliza kwanza, alishangaa: “Mwanangu, si ilikuwa na muhuri?”

Jibu hilo si la ujinga. Mama aliisoma barua ile kama sisi sote tulivyozoea kusoma barua: penye muhuri pana ofisi, na ofisi haidanganyi. Gazeti, redio, filamu na simu zetu hutufikishia ujumbe kwa njia hiyohiyo, yaani kwa alama tulizokwisha kuzizoea. Basi, mpendwa msomaji, tuziangalie alama hizo na namna zinavyofanya kazi.

Alama na kaida ni nini?

Alama, ambazo wataalamu huziita pia misimbo, ni vitu vinavyobeba maana kwa makubaliano ya watu: rangi, vazi, sauti, neno, hata mwanga. Kaida ni namna iliyozoeleka ya kuzipanga alama hizo.

Mfano tunao kanisani. Ukimkuta padre amevaa zambarau, unajua ni Majilio au Kwaresima kabla hajasema neno. Lakini ukiona na jeneza mbele ya altare, unajua ni misa ya marehemu. Rangi ni ileile. Kilicho kando yake ndicho kilichobadili maana. Kanga nayo ni hivyo. Maneno yaleyale yana maana moja mama anapomzawadia binti yake, na nyingine kabisa anapoyavaa kumpitia jirani waliyegombana naye.

Kamera nayo huchagua

Kwenye picha na filamu kuna alama za kiufundi. Mpiga picha akiinama na kuelekeza kamera juu, kiongozi huonekana mkubwa. Akipiga kutoka juu, mtu yuleyule huonekana mnyonge. Mkutano wa watu mia mbili ukipigwa kwa karibu hujaza picha yote. Ukipigwa kutoka mbali, viti vitupu huonekana. Picha zote mbili ni za kweli, lakini aliyechagua mojawapo amekwisha kukuelekeza la kufikiri.

Mpangilio nao hutoa maana. Miaka ya 1920 hivi, mwalimu wa filamu wa Kirusi, Lev Kuleshov, alichukua picha moja ya uso wa mwigizaji. Inasimuliwa kwamba aliiunganisha na bakuli la supu, kisha na maiti katika jeneza, kisha na mtoto anayecheza. Watazamaji wakamsifu mwigizaji kwa kuonyesha njaa, huzuni na furaha, kumbe uso haukubadilika hata kidogo. Maana waliiweka wenyewe.

Kaida hutusaidia, tena hutuzoesha

Redio ikikatiza vipindi vyake ghafla na kuanza kupiga nyimbo za maombolezo, wasikilizaji hunyamaza. Wanajua msiba mkubwa unakuja kutangazwa. Mtangazaji aliyevaa suti nyuma ya meza hutuambia kwamba hii ni taarifa ya habari, si mzaha. Gazeti la udaku huandika vichwa kwa herufi kubwa nyekundu, na mpita njia hulitambua kabla ya kusoma.

Hata hivyo, kaida ikirudiwa mno huzaa hukumu. Katika filamu zetu nyingi mama wa kambo ni mkatili, msichana wa kazi ni mjinga au mwizi wa waume, na mganga amejifunga vitambaa vyekundu na vyeusi. Baada ya filamu ishirini za namna hiyo, mama wa kambo wa kweli aliyehamia jumuiyani kwetu anaanza kutazamwa kwa shaka kabla hajatenda lolote.

Hadhira nayo ina sehemu yake

Mwaka 1973 Stuart Hall, mzaliwa wa Jamaika aliyefundisha Birmingham, Uingereza, alieleza kwamba mtengenezaji huweka maana katika ujumbe, lakini mpokeaji huifumbua kwa njia yake: aweza kuikubali yote, kuikubali nusu, au kuipinga. Chukua tangazo la bia: vijana, muziki, kicheko, jua likitua. Kijana mmoja huona urafiki. Mwenye baa huona biashara, ingawa anajua gharama zake. Mama ambaye mshahara wa mumewe huishia kilabuni huona uongo mtupu. Kwa hiyo mhubiri au katekista asidhani kwamba picha aliyoichagua itasomwa na wote kama anavyoisoma yeye.

Alama zinapoghushiwa

Machi 2023 ilienea picha ya Baba Mtakatifu Fransisko akiwa amevaa koti jeupe la baridi, lililotuna kama godoro. Watu wengi duniani waliamini, kumbe ilitengenezwa kwa programu ya akili unde iitwayo Midjourney. Kwa nini waliamini? Kwa sababu alama zilikuwepo: weupe, kofia ndogo, msalaba kifuani. Waliotazama kwa makini waliona vidole visivyokaa sawasawa na mkufu wa msalaba ulioonekana upande mmoja tu. Katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Duniani ya mwaka 2024, Papa mwenyewe alitaja kwamba naye aliwahi kufanyiwa hivyo.

Tufanye nini?

Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Inter Mirifica, ya tarehe 4 Desemba 1963, ilitaka mafunzo ya matumizi ya vyombo hivi yatolewe hata seminarini. Tuanze na maswali manne kabla ya kuamini au kusambaza:

1. Nani ametengeneza ujumbe huu, naye anapata nini?
2. Ni alama gani zinazonifanya niuamini? Je, mtu mwingine angeweza kuziweka?
3. Nini kimeachwa nje ya picha?
4. Jirani yangu mwenye maisha tofauti angeusomaje?

Na kama ujumbe unaomba fedha au unamchafua mtu, liongezwe la tano: nimempigia simu nani kuthibitisha?

Tusijifunze haya ili tuwacheke walioangukia mtegoni. Muhuri ule ulimdanganya mama kwa sababu anaheshimu Kanisa na anamhurumia mgonjwa, na mambo hayo mawili hatutaki ayapoteze. Jumapili iliyofuata katekista alitangaza namba ya ofisi ya parokia, akaomba kila ujumbe wa mchango uulizwe hapo kwanza. Mama yule alikuwa wa kwanza kuiandika.