Nani Alimaliza Tokeni? Simu Zenu Zina Jibu

Ukishuka stage ya 46 pale Kawangware jioni, ukaingia ploti za ndani, kuna swali utalisikia kabla hujafika mlangoni: nani amemaliza tokeni?

Tuliketi na wapangaji wa ploti moja ya vyumba kumi. Mita ya stima ni moja, ya maji pia ni moja. Tokeni wananunua kwa zamu, na mwisho wa mwezi keretaka anapiga hesabu na kugawanya mara kumi. Mama mmoja anaishi peke yake na taa moja na redio. Analipa sawa na jirani mwenye friji. Alipolalamika aliambiwa kama hataki, ahame. Angejibu nini, na hakuwa na ushahidi?

Kumbe ushahidi ulikuwepo, ila umetawanyika kwa simu kumi.

Kila ukinunua tokeni kupitia Paybill 888880, unapata meseji yenye nambari ya mita, tokeni ya tarakimu 20, idadi ya uniti, na vile pesa yako imegawanywa kati ya stima na tozo zingine. Wengi wetu tunaingiza zile tarakimu 20 halafu tunasahau meseji. Hapo ndipo tunapoteza rekodi. Na kama ulishaifuta, piga *977# ya Kenya Power uangalie tokeni zako za karibuni.

Wale wapangaji walikusanya meseji zote za mwezi kwenye grupu moja ya WhatsApp, wakajumlisha uniti. Zilikuwa 120. Ukigawanya kwa vyumba kumi, ni uniti 12 kila mmoja.

Hapa ndipo kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Tangu Aprili 2023, bei ya stima ya nyumbani ina ngazi tatu: wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi, wa 31 hadi 100, na waliopita 100. Ngazi ya chini ndiyo nafuu. Mtu wa uniti 12 mwenye mita yake yuko ngazi ya chini. Lakini Kenya Power haioni vyumba kumi, inaona mita moja ya uniti 120. Kwa hivyo yule mama wa taa moja anauziwa stima kwa bei ya ngazi ya juu. Friji ya jirani ina sehemu yake, lakini kubwa zaidi ni ile mita ya pamoja.

Maji nayo yana hesabu yake. Uniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Usiku watu wakishalala, fungeni mifereji yote na mpige picha ya mita. Alfajiri kabla mtu hajachota, pigeni nyingine. Namba zikiwa zimesonga, kuna bomba linavuja, na jirani mnayemshuku hana hatia. Kule Kayole-Soweto, kampuni ya maji ya Nairobi ilileta Jisomee Mita: mteja anasoma mita mwenyewe, anatuma namba kwa simu, anapata bili yake. Hata bila huduma hiyo, kujisomea hakukatazwi.

Anzeni hivi:

1. Chagueni siku moja ya mwezi, mpige picha ya mita zote mbili.
2. Kila anayenunua tokeni aitume meseji kwenye grupu siku hiyo hiyo.
3. Mkilipa keretaka, tumeni kwa simu badala ya kumpa mkononi, ili kila malipo yabaki na tarehe.
4. Mkipata hesabu ya miezi mitatu, nendeni kwa landilodi pamoja kuulizia mita za kila chumba.

Na tafadhali, kutuma meseji ya tokeni si kupeana simu. PIN yako ni yako, hata keretaka akiwa rafiki.

Pale ploti walikubaliana mwenye friji alipe mafungu mawili. Mambo ya mita bado wanazungumza na landilodi. Mama hajahama. Siku hizi ndiye anayejumlisha uniti za ploti nzima, na keretaka husubiri hesabu yake kabla ya kutangaza bili.