Wahinda wa Rusubi, Wenyeji wa Biharamulo ya Kale

Wahinda ni ukoo uliotawala Rusubi, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni Biharamulo. Wanajihesabu kuwa kizazi cha Ruhinda, ambaye masimulizi yanamtaja kuwa mwanzilishi wa utawala wa Karagwe, pengine katika karne ya 15 au ya 16. Kutoka hapo wazao wake walienea Ihangiro, Buzinza na hata Nkore, ng'ambo ya mto Kagera. Mtawala aliitwa mkama. Ngoma za kifalme na ng'ombe ndivyo vilivyokuwa alama za enzi yake. Watu wengine, wengi wao wakulima, walitoa mazao na kazi, na mafundi wa chuma wa Buzinza walifua majembe yaliyouzwa mpaka Unyamwezi.

Urithi ndio uliowasumbua Wahinda. Mkama alipofariki, wanawe waligombana, na aliyekosa kiti cha baba hakukosa wafuasi. Hivyo ndivyo Buzinza ilivyokatika: upande wa magharibi ukawa Rusubi, mashariki pakabaki na Wahinda wengine. Ugomvi huo uliwapunguzia nguvu, lakini pia uliwapa kila tawi nchi yake.

Mkama wa Rusubi aliyejulikana zaidi nje ya nchi yake ni Suwarora. Mwaka 1861 wapelelezi Waingereza Speke na Grant walipitia kwake wakielekea Karagwe. Njia ya misafara ilipita katika ardhi yake, naye alijua thamani yake: alidai hongo, yaani ushuru wa njia, ya vitambaa, shanga na nyaya za shaba, maofisa wake wakaongeza madai yao, siku zikapita. Wageni walipelekewa fimbo ya mkama, ufito mrefu wa shaba uliozungushiwa hirizi, iwe kama neno lake. Yeye mwenyewe hawakumwona. Kwa mtawala wa njia kuu, kujificha namna hiyo hakukuwa woga hata kidogo. Mali ilimfuata alipo. Walipofika Karagwe, mkama wa huko, Rumanyika, naye pia Mhinda, aliwapokea kwa ukarimu.

Mwishoni mwa karne hiyo Rusubi ilikuwa chini ya Kasusura, wakati Wajerumani walipoingia na baadaye kujenga boma Biharamulo. Upande wa Ngara, nchi ya Bugufi ilikuwa na historia nyingine: ilifungamana na ufalme wa Burundi, lakini mipaka ya baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia iliiacha Tanganyika, chini ya Waingereza. Hao nao walitawala kupitia machifu, wakiwaachia heshima, kodi na kesi ndogondogo, huku amri kubwa zikitoka kwa mkuu wa wilaya. Mwaka 1963, Tanganyika ikiwa huru, sheria ilifuta utawala wa machifu kote nchini.