Kabla ya Kununua Rivolva Iliyokwisha Tumika: Kagua Karatasi, Chombo na Nafsi Yako

Katika toleo hili sisi maafisa wa uhusiano wa polisi na raia tumeona vema tuzungumzie jambo ambalo wengi hutuuliza kwa kunong'ona, ilhali ni la kuulizwa waziwazi: je, raia aliyeruhusiwa na sheria anaweza kununua rivolva ndogo iliyokwisha tumika, ya kubebwa chini ya nguo kwa ajili ya kujilinda, na ataikagua vipi?

Swali hili lililetwa kituoni na mfanyabiashara mmoja wa nafaka, ambaye alikuwa akirejea nyumbani usiku na fedha za mauzo. Mjane wa jirani yake alitaka kumuuzia rivolva ya marehemu mumewe, iliyofungwa kitambaani pamoja na risasi kumi na moja. Bei ilikuwa nafuu. Mjane alikuwa mkweli, na mnunuzi alikuwa mkweli. Hata hivyo, lau wangepeana fedha na silaha siku ile, mnunuzi angelala mhalifu bila kujijua. Bahati njema ni kwamba aliuliza kwanza, na kuuliza si ujinga. Tuliyomweleza yeye ndiyo tunayowaeleza ninyi, katika mambo matatu: karatasi, chombo, na mtu.

Jambo la kwanza: karatasi

Sheria ya Silaha ya Uganda ya mwaka 1970 inamkataza mtu yeyote kununua, kupata au kuwa na silaha ya moto au risasi pasipo kuwa na cheti halali kinachohusu silaha hiyo hiyo. Hapo pana mafunzo mawili. La kwanza, cheti hutangulia silaha. Silaha haitangulii cheti. Hakuna ruhusa ya kuichukua bastola nyumbani “kuijaribu kwa siku mbili” huku karatasi zikifuata. La pili, cheti ni cha mtu aliyetajwa ndani yake. Hakirithiwi pamoja na shamba na ng'ombe. Mwenye cheti akifariki dunia, jamaa zake watoe taarifa kituoni bila kukawia, ili silaha ihifadhiwe mahali salama mpaka hatima yake iamuliwe kisheria.

Kwa hiyo anayetaka kununua aanzie kituo cha polisi cha mahali anapoishi, ambako mwenyekiti wa LC I na majirani wanamfahamu tabia zake. Muuzaji naye aonyeshe cheti chake, nasi tukilinganishe na silaha yenyewe. Namba iliyochongwa katika fremu ni lazima ilingane na namba iliyoandikwa katika cheti, tarakimu kwa tarakimu. Wakati mwingine namba hiyo huwa chini ya mpini, au penye mkono unaobeba silinda. Ukiona imekwanguliwa, imepigwa msasa au imechongwa upya, usijadiliane bei. Ondoka, utupe taarifa.

Pengine utauliza: namba tu ina uzito gani? Mwaka 2004 Uganda na nchi jirani zilitia saini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo na silaha nyepesi, zikakubaliana kuzitia alama silaha na kuziwekea kumbukumbu, ili kila moja iweze kufuatiliwa ilikotoka. Tena mwaka 2018 serikali yetu iliagiza kila bunduki ichukuliwe alama zake za utambulisho. Mtutu huacha mikwaruzo yake juu ya risasi inayopita ndani yake, na pini ya nyundo huacha alama yake juu ya ganda. Basi anayenunua silaha iliyotumika hununua na historia yake. Ikiwa ilimwaga damu kabla haijafika kwako, alama zake zitaongoza hadi mlangoni pako, nawe ndiwe utakayeulizwa.

Jambo la pili: chombo

Karatasi zikiwa safi, ndipo tunaiangalia silaha. Rivolva ni bastola yenye silinda inayozunguka, ambayo kwa kawaida ina vyumba vitano au sita vya risasi. Ukaguzi ufanywe na fundi wa silaha anayetambuliwa na sheria, nawe ukiwa karibu. Kwanza silinda ifunguliwe, na kila chumba kitazamwe kwa jicho na kuguswa kwa kidole ili kuthibitisha kuwa ni kitupu. Hili halina mjadala, hata kama mwenye silaha ameapa kwamba haina kitu.

Pili, aina ya risasi. Hapa ndipo rivolva ya marehemu ilipotushtua. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ilitengeneza rivolva zilizoitwa Victory, na nyingi zilipelekwa kwa majeshi ya Uingereza na ya nchi zilizokuwa chini ya himaya yake. Hizo ziliundwa kwa risasi ya .38 S&W, ambayo ganda lake ni fupi na nene kidogo. Baada ya vita, baadhi yake zilipanuliwa vyumba ili zipokee .38 Special, ambayo ganda lake ni refu na jembamba zaidi. Ganda jembamba likifyatuliwa ndani ya chumba kipana huvimba, na pengine hupasuka karibu na uso wa mpigaji. Mtaani zote mbili huitwa “thelathini na nane”. Mtutu wa rivolva ile ulitaja aina moja, na risasi za kitambaani zilikuwa za aina nyingine. Maandishi ya mtutuni, ya risasi na ya cheti yapatane yote matatu.

Tatu, usalama wa nyundo. Mwaka 1944 baharia mmoja wa Marekani aliuawa pale rivolva ya Victory ilipoanguka juu ya sitaha ya meli na kufyatuka yenyewe. Kampuni ikabadilisha kizuizi kinachoitenga nyundo na risasi mpaka kifyatulio kivutwe. Kwa upande wa Uingereza, toleo moja la rivolva ya Enfield liliondolewa kizuizi hicho wakati wa vita ili kazi ya kiwandani iende haraka. Silaha ya umri huo yaweza kung'aa kama mpya, lakini ikiponyoka kiunoni ikamuua mtoto aliyeketi karibu. Fundi aifungue, aone kizuizi kwa macho yake. Kama hakipo, au kimevunjika, haifai kubebwa.

Nne, silinda. Fundi aivute nyundo polepole, chumba baada ya chumba. Silinda iwe imejifunga imara, ikielekeana sawasawa na mtutu, kabla nyundo haijafika mwisho wake. Ikichelewa, risasi itagonga ukingo wa mtutu na vipande vya risasi kutawanyika pembeni. Silinda isicheze mbele na nyuma. Mwanya kati yake na mtutu uwe mwembamba, usiozidi takriban robo ya milimita. Tena fundi autazame mkono unaobeba silinda, kwa sababu wapo wanaoifunga kwa kuirusha kama waonavyo kwenye sinema. Mchezo huo huupinda mkono, na silinda haikai tena mahali pake.

Tano, mtutu. Utazamwe kwa taa. Kutu iliyochimba, uvimbe mfano wa pete, au ufa mahali mtutu unapopakana na silinda, vyote ni sababu za kukataa. Mwisho, silaha ikiwa tupu na nyundo ikiwa imevutwa nyuma, fundi aisukume nyundo kwa kidole gumba, kwa nguvu ya wastani. Ikianguka bila kifyatulio kuguswa, ama imechakaa ama imechezewa na asiye fundi.

Rangi mpya isikuhadae. Kung'arishwa upya hufuta kutu, na pengine hufuta namba pia. Asiyekagua huuziwa mbuzi kwenye gunia.

Jambo la tatu: mtu

Wengi hudhani kwamba rivolva ndogo ni nyepesi kuitumia kwa kuwa ni nyepesi kuibeba. Mambo ni kinyume. Chiefs Special ya Smith & Wesson, iliyotoka mwaka 1950, ina vyumba vitano na uzito wa zaidi kidogo ya nusu kilo; yapo matoleo mepesi zaidi. Kadiri silaha inavyopungua uzito, ndivyo inavyorusha mkono zaidi. Mtutu wa sentimita tano hufanya kulenga kuwe kugumu, na kifyatulio huhitaji kidole chenye nguvu. Asiyejizoeza mara kwa mara chini ya mkufunzi hataipata shabaha gizani huku moyo ukimwenda mbio. Risasi inayomkosa mwizi haipotei, humfikia jirani.

Kubeba kwa siri nako ni kwa ajili ya usalama, wala si kwa kutishia watu baani au barabarani. Rivolva ikae ndani ya ala inayofunika kifyatulio na kuishika barabara. Isitiwe mfukoni pamoja na funguo na sarafu, wala isiachwe ndani ya mkoba mezani au garini. Anayekwenda kunywa pombe aiache imefungiwa. Nyumbani ikae katika sefu, na risasi zifungiwe mbali nayo, kwa maana watoto hugundua kila maficho.

Kisha jiulize maswali matatu. Je, hasira zangu nazimudu? Je, nyumbani kwangu pana ugomvi, ulevi au mtu aliyekata tamaa? Je, hofu niliyo nayo haina dawa nyingine? Ukisita katika swali lolote, hiyo ndiyo hukumu ya ukaguzi wako, hata kama chombo ni kizima na karatasi zimekamilika.

Mjane yule aliikabidhi rivolva kwetu akapewa hati ya makabidhiano, na akatuambia kuwa tangu siku hiyo alilala bila kuwaza juu ya kitambaa kile kilichokuwa chini ya kitanda, mahali ambapo wajukuu wake hucheza. Mfanyabiashara naye alijibu swali la tatu kwa vitendo: sasa hupokea malipo mengi kwa simu, hupeleka fedha benki mchana, na hufunga duka kabla ya giza. Hakununua silaha, wala hatukumkataza kuomba cheti. Mlango wa sheria u wazi kwa anayestahili.

Ikiwa nyumbani kwenu ipo silaha isiyo na mwenyewe, msiibebe kuileta. Tupigieni simu au njooni mtueleze, nasi tutaifuata. Usalama wa mtaa hujengwa na polisi na raia kwa pamoja.